Upatanisho wa Kisarufi katika Programu ya Ushahidi

Mapema Januari 2008, Bonde la Ufa lilipokuwa likiungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha katika intaneti ramani ya kupokea taarifa za wananchi juu ya ghasia hizo. Waliiita Ushahidi. Kabla mwezi haujakwisha, ghasia zilikuwa zimeingia Nakuru na Naivasha. Baadaye programu yenyewe ilitolewa iwe huria, kila jamii iichukue na kuibadilisha itakavyo: ilitumika Afrika Kusini mwezi Mei 2008, na Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.

Jina hilo, lenye asili moja na shahidi na shuhudia, limeenea duniani bila ya kutafsiriwa. Lakini lugha iliyotoa jina hupata taabu ndani ya programu za namna hii. Katika toleo la tatu la Ushahidi, sehemu aionayo msomaji ilijengwa kwa AngularJS, kiunzi ambacho Google iliacha kukihudumia mwisho wa 2021. Viunzi vya aina hiyo huugawa ukurasa katika vipande vitumikavyo tena na tena, na maneno yake huwekwa kando katika faili, ili jamii nyingine iweze kutia lugha yake bila ya kuigusa programu.

Matatizo huanzia hapo. Mwundaji anayefikiri kwa Kiingereza huacha pengo la nomino, kisha akaweka kitenzi kimoja kisichobadilika. Kwa Kiswahili sharti tuseme ripoti imefutwa, jina limefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na waundaji huipa lugha yetu makundi mawili tu, umoja na wingi, ngeli hazimo. Mfasiri aliyebanwa huishia kuandika “imefutwa” kila mahali. Kweli, “jina imefutwa” si usemi mgeni katika mitaa ya Nakuru, wala msemaji wake hastahili kuchekwa. Ila yeye ameuchagua mwenyewe, hakulazimishwa na pengo.

Lililo zito zaidi ni alama ya uthibitisho. Ushahidi iliwawezesha wasimamizi kuonyesha kama taarifa imehakikishwa au la, na Kiingereza chatosheka na kivumishi kimoja cha kukanusha. Kiswahili hakina njia hiyo. Haijathibitishwa humaanisha kwamba uchunguzi bado wangojewa. Haikuthibitishwa, kwamba wakati wake umepita na uthibitisho haukupatikana. Haithibitiki, kwamba hakuna njia ya kuujua ukweli wake. Tumfikirie mtu wa Nakuru, mwishoni mwa Januari ile, akisoma kwamba barabara ya Naivasha imezibwa na wenye mapanga. Akiona -ja-, atangoja habari nyingine kabla ya kupakia watoto garini. Akiona -ku-, huenda akaondoka usiku ule ule. Mfasiri aliyepewa neno moja tupu, asiyejua litatokea wapi, humchagulia msomaji huyo bila ya kujua.

Faili ya lugha, basi, yafaa ibebe sentensi nzima kwa kila nomino, hata ikirefuka mara tano, na hali hiyo ya kukanusha ipewe nafasi zaidi ya moja. Kazi hiyo haiwezi kufanywa baada ya programu kukamilika, kwani wakati huo mapengo yamekwisha kukatwa.