Fahamu: Kwa nini bahshishi Marekani ni kama lazima

Bahshishi ni pesa ambayo mteja humwongezea mhudumu juu ya bili. Kwingi ni hiari. Katika migahawa ya Marekani hutarajiwa asilimia 15 hadi 20, na kutotoa kitu ni kama tusi.

Sababu

Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichoguswa tangu 1991. Bahshishi ndiyo huziba pengo hadi kima cha chini cha mshahara, dola 7.25 kwa saa; isipofika, mwajiri anatakiwa kuongezea. Jimbo la California haliruhusu malipo hayo ya chini, ila desturi ni ileile.

Kwingineko

Ufaransa, huduma imo kwenye bei. Japani, ukiacha sarafu mezani, huenda mhudumu akakukimbilia akurudishie.

Kabla ya kulipa

Ukiwa Marekani, soma bili: mkiwa kundi kubwa, pengine ada ya huduma imeshaongezwa.