Redio ya Kusema na Ngambo: Anza na Masikio

Wasomaji wetu wazee wangali wanakumbuka foni ya misioni. Katika miaka ya 1990, wakati simu za posta zilikuwa zimekufa karibu kila fasi, kila asubuhi padri ao sista alikuwa anaketi mbele ya kile kisanduku na kuita parokia zingine: nani ni mugonjwa, dawa gani imepunguka, motokari gani imekwama njiani. Foni ile ilikuwa ya kazi. Leo tunasema juu ya ndugu yake, redio ya radioamatere, yaani mutu anayesema hewani kwa kujifunza na kwa urafiki tu, bila mushahara. Haruhusiwi kufanya biashara hewani, wala kupiga muziki ao kutangaza mahubiri. Anayefikiri atafungua redio ya parokia kwa njia hii anajidanganya. Ile ina ruhusa yake ingine.

Kila radioamatere ana jina la hewani, na mwanzo wake unaonyesha inchi yake. Congo iko na 9Q, Zambia 9J, Burundi 9U, Tanzania 5H. Jina hilo mutu hajipi mwenyewe. Linatoka kwa serikali pamoja na ruhusa. Hapa kwetu unauliza kwa ARPTC, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Wazazi, musichukue jambo hili kwa mucheko. Katika inchi iliyoona vita, waya murefu juu ya nyumba, na kijana anayesema usiku na watu wa ngambo, vinaweza kumuletea mashaka ya upelelezi. Bila karatasi mukononi, asiguse kitufe cha kusema, hata mara moja ya kujaribu.

Wakati unangojea, sikiliza. Redio ya kawaida ya mawimbi mafupi inatoa sauti za radioamatere sawa bata. Tafuta ile yenye kuandikwa SSB. Muchana zunguka kati ya kilohertzi 14000 na 14350. Mangaribi na usiku, shuka kati ya 7000 na 7200. Sababu iko mbinguni: mawimbi yanapanda, yanagonga tabaka la hewa ambalo jua linawasha, na yanarudi chini mbali sana. Muchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo inameza mawimbi ya 7000. Jua likizama, sehemu ile inapotea na njia inafunguka. Njo maana mutu wa Lubumbashi anaweza kusikia Kinshasa, zaidi ya kilometa 1500, bila mulingoti hata mumoja katikati.

Antena ni kazi ya fundi mwenye akili, haiko ya mutajiri. Gawa 143 kwa megahertzi zako: kwa 7,1 unapata karibu metre 20. Kata waya katikati, kila upande metre 10, tia kipande cha plastiki pale katikati na ku ncha zote mbili, halafu ufunge kati ya miti miwili ya maembe, juu kadiri unavyoweza. Kaa mbali na nyaya za SNEL! Antena ikiangukia pale, inaua. Na waya wenyewe utoke dukani. Sisi wa inchi ya shaba tunajua vizuri nyaya za bei rahisi zinakatwa wapi usiku, na nani anabaki katika giza kesho yake.

Mashine ya wati 100 inakula karibu ampere 20 wakati wa kusema, kwa volti 13,8. Bateri ya motokari na pano ya jua vinatosha kwa mutu asiyesema sana.

Kwa radi, hapa Katanga hakuna kuchezea. Mvula inaanza karibu mwezi wa 10 na inaisha mwezi wa 4. Wakati ule wote, kamba ya antena ichomolewe na kutupwa inje ya dirisha kila unapoacha redio, na mbele ya wingu kufika, si wakati ngurumo imeanza. Chuma cha ardhi ni lazima, lakini hakiruhusu mutoto kuendelea kusikiliza chini ya mvula.

Kwa vijana wasio na feza ya mashine kubwa, iko mulango mudogo. Kile chombo cha kimataifa kinachozunguka dunia karibu kilometa 400 juu yetu kina kituo cha radioamatere, na tangu mwaka 2000 wanaanga wanasema na wanafunzi wa masomo mbalimbali. Sauti yao inashuka ku megahertzi 145,8, na redio ndogo ya mukononi inaishika. Lakini harakisha: kwa muda wa dakika kumi hivi, kikitokea upande wa Kinshasa, kimekwisha kuzama upande wa Zambia.