Voi hadi Taveta: dakika 29 za angani

Chukua ramani ya Kenya, weka rula Voi, uielekeze Taveta. Mstari unakwenda magharibi karibu sawasawa, maana miji hii miwili iko kwenye latitudo moja. Urefu wake ni kama kilomita 98. Ndege ndogo ya injini moja, iendayo kilomita 200 kwa saa, ingeumaliza kwa dakika 29.

Hesabu ni sahihi, ila rubani haruki juu ya ramani. Mstari huo unapita Wundanyi, na mbele kidogo unakutana na Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Taita, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Voi yenyewe haifiki mita 700. Ndege iliyoruka kutoka kiwanja cha Ikanga, hapo Voi, ina kilomita chache mno za kujipandisha kabla milima haijaikabili, na mara nyingi asubuhi vilele huwa vimejitanda ukungu. Kwa hiyo ni salama zaidi kupinda kusini, kufuata Mwatate na Bura hadi Maktau, ndipo tambarare ifunguke. Huko ndiko inakopita barabara. Ndiko ilikopita pia reli ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyoanza kujengwa kutoka Voi mwaka 1915. Ukijumlisha mzunguko huo, kupaa na kutua, dakika 29 zinakaribia 40. Wakati wa kurudi Voi msimu wa kusi, upepo unakuja kwa mbele na kuongeza nyingine.

Anga hii ina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyofundishwa. Mwaka 1916 ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mbuyuni, kati ya Maktau na Taveta, kuwapeleleza Wajerumani upande wa Taveta. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuja kutafuta tembo kutoka angani, aliruka Voi kwa ndege yake aina ya Gipsy Moth, ikaanguka na kuwaka moto papo hapo. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mwafrika. Vitabu na filamu vimemkumbuka Finch Hatton. Mwenzake hutajwa kwa nusu sentensi, na hilo linaniuma kila ninapopita Voi.

Leo barabara ya Voi–Taveta, kama kilomita 110, ina lami. Matatu huimaliza kwa saa mbili hivi, ikisimama kushusha na kupakia. Kwa msafiri wa kawaida, ndege ingemwokolea saa moja na kumla nauli ya miezi. Ndiyo maana hakuna anayekata tiketi ya ndege kutoka Voi kwenda Taveta, wala sioni sababu ya kuililia.

Lakini yuko mtu ambaye saa moja kwake ni uhai: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeumwa na nyoka shambani, dereva aliyebanwa na lori usiku. Huyo hahitaji jengo la abiria lenye vioo. Anahitaji kiwanja kilichofyekwa vichaka, kisicho na mashimo, kilichozungushiwa ua ili ng'ombe na pundamilia wasikatize, na mtu mwenye simu anayejua kama ndege inaweza kutua leo. Serikali ya kaunti na wanaosimamia viwanja, anzeni na Taveta, kabla ya mvua za masika.