Kumbi za Eastlands ndizo Baraza Zetu

Mpwani hafundishwi maana ya baraza. Amezaliwa ameikuta mbele ya nyumba, ya mawe au ya udongo, imepigwa chokaa, na wazee wamekaa juu yake baina ya alasiri na magharibi. Hapo ndipo kahawa inaponywewa na bao linapochezwa, hapo ndipo posa inapozungumzwa na wagomvi wakapatanishwa. Mgeni akishuka jahazini haendi ndani moja kwa moja. Hukaa barazani kwanza, akaulizwa khabari za alikotoka, akazieleza, na watu wakarudi makwao wamejua jambo ambalo asubuhi yake hawakulijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nimeanza na haya kwa sababu nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wapenzi, juu ya kumbi za mitaa ya Eastlands, Nairobi. Najua baadhi yenu mtasema: huyu ameacha Mvita na Amu kwenda kutafuta mila huko bara? Subirini kidogo. Mtu wa Mombasa akipanda basi kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea mashariki, atadhani anarudi kwao. Atasikia Majengo, Makadara, Bondeni, Ziwani, Kaloleni. Majina yote haya anayo Mombasa. Kiswahili kilifika huko mapema, na desturi ya baraza ilikwenda nacho.

Kabla ya mitaa hii palikuwa na vijiji. Nairobi ilipoanza, watu waliofuata reli na misafara, wengi wao Waislamu wa makabila mbalimbali, walijenga Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini na Kileleshwa. Serikali ya kikoloni haikuvipenda vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikapima viwanja Pumwani, na vijiji vikaanza kuvunjwa kimoja kimoja. Pangani ilikaza roho mpaka mwisho wa miaka ya 1930, ndipo nayo ikabomolewa na watu wake wakaambiwa wahamie nyumba mpya za Shauri Moyo. Jina hilo latosha kueleza walivyoondoka: kila mtu alishauriana na moyo wake.

Pumwani watu waliachiwa wajenge wenyewe, nao wakajenga kama walivyozoea: ukumbi katikati ya nyumba, vyumba huku na huku, na baraza mbele. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, Waislamu, waliochuma kwa jasho lao na kuweka wapangaji. Msikiti wa Riyadha ukasimama hapo, wenye jina lile lile la Riyadha ya Amu aliyoiasisi Habib Swaleh. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1920 ukajengwa ukumbi wa mtaa, Pumwani Memorial Hall, yaani Ukumbi wa Ukumbusho. Mtaa wa jirani, Kariokor, nao wabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliobeba mizigo ya jeshi mpaka wengi wao wakafa njiani kwa maradhi na njaa.

Wapagazi na askari hao walirudi na ngoma. Beni ilizaliwa pwani yetu, Mombasa na Amu, katika miaka ya 1890, kwa watu kuigiza bendi za kijeshi za wazungu, na vita vikaisambaza Afrika Mashariki nzima. Makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa nyimbo. Msidhani hayo yalikuwa mambo ya kupiga tarumbeta tu. Chama cha ngoma kilikuwa na viongozi wake na mfuko wake. Mwanachama akifa ugenini chama kilimzika, akiugua kilimsaidia. Watu waliojifunza kuendesha chama cha ngoma hawakupata shida walipokuja kuendesha vyama vya kazi na vya siasa.

Sasa tuje Kaloleni. Mitaa mingi ya Eastlands haikujengwa na wenyeji, ilijengwa na halmashauri ya mji na shirika la reli kwa ajili ya vibarua. Mkoloni alimtaka mwanamume aje peke yake, afanye kazi, alale, kisha arudi kwao. Kwa hivyo alimpa chumba kimoja, mara nyingi akigawane na wenzake. Chumba hicho hakikuwa na baraza. Utamkaribisha wapi mgeni? Utasuluhisha wapi ugomvi? Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa afadhali, kwani ilikusudiwa watu wenye familia, na katikati ya mtaa ukawekwa ukumbi. Halmashauri ilitaka watu wapumbae humo kwa dansi na sinema. Wenyewe wakaufanya baraza.

Na barazani, mgeni huleta khabari. Khabari kubwa ilikuwa imekwisha kutoka kwetu. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, bandari ikalala. Kila siku walikutana uwanjani Majengo, wakauita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawa msemaji wao, na mwaka huo huo akakamatwa na kuhamishwa mbali. Lakini mkoloni hakuweza kumhamisha kila aliyekuwa amesikia.

Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha KAU na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki viliitisha mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Aliyesimama siku hiyo akausemesha ukumbi ni Makhan Singh, Kalasinga aliyezaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi kijana mdogo, akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Alitoa azimio kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Fikirini, mwaka ule wa 1950 wakubwa wengi walikuwa bado wanaomba viti vichache zaidi vya baraza la kutunga sheria. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, alikamatwa yeye na mwenzake Fred Kubai, mzaliwa wa Pwani yetu. Nairobi ikagoma zaidi ya wiki moja. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja, kwa neno lililosemwa ukumbini.

Baadaye ikaja Hali ya Hatari ya Oktoba 1952, na mikutano ikawa haramu bila ruhusa. Mitaa ya Mbotela na Ofafa yakumbusha machungu ya siku hizo. Tom Mbotela, makamu wa rais wa KAU, mwana wa James Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliuawa mwaka uliofuata. Upepo ulipotulia, Tom Mboya alianzisha chama chake cha Nairobi mwaka 1957, na kumbi zikajaa tena.

Na leo je? Mimi huenda Pumwani kila nipatapo nafasi. Nimehudhuria maulidi huko, nimekula pilau ya arusi, nimekaa kwenye matanga. Hayo yote ni mema, nayo yasiachwe. Lakini kitu kimoja kimepungua, nacho ni mgeni wa kuzungumza. Siku hizi mtu akialikwa ukumbini, mara nyingi ni mwanasiasa wakati wa kura, au ni semina ambayo watu huuliza kwanza kama kuna nauli. Ule mtindo wa jioni ya Jumamosi, mwalimu au nahodha au daktari akae mbele, aeleze alijualo, kisha aulizwe bila hofu, umekuwa adimu.

Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kumsikiliza maalimu na kunyamaza, na ile ni adabu nzuri mahali pake. Ukumbi una adabu yake nyingine. Humo mchukuzi alimuuliza wakili, na wakili akalazimika kujibu. Kijana asiyepata pa kuuliza mbele ya watu atauliza gizani, na atakayemjibu huko hatumjui.

Kuna na jambo la pili. Nyumba za zamani za halmashauri pale Pangani zimekwisha vunjwa, yakasimama maghorofa. Mitaa mingine ya Eastlands imetajwa katika mipango kama hiyo. Sipingi mtu kupata nyumba nzuri yenye maji na choo chake. Ninalouliza ni hili: ghorofa likisimama, ukumbi utakuwa wapi? Tangu 2013 kumbi hizi ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Wakazi na waulize mapema, kwa maandishi, kabla tingatinga halijafika. Na wasiulize kwa ukumbi uliofungwa kufuli mwaka mzima, maana kilicho tupu hubomolewa bila mtu kulia. Waujaze. Kila mwezi mgeni mmoja, wazee watoe wanayoyakumbuka, na kijana mmoja ayaandike katika daftari.

Niagane nanyi kwa ubeti wangu:

Ukumbi ni wa wakazi, si mali ya mwenye nguvu,
Walisemea wazazi, maneno ya ushupavu,
Tusifanye upuuzi, kuuacha kwa uvivu,
Mlango uwe u wazi, mtu apate kunena.