Fahamu: Uingereza na simu mkononi mwa dereva

Uingereza ilipiga marufuku kushika simu ukiendesha gari Desemba 2003. Lakini sheria ile ililenga mawasiliano: kupiga simu, kutuma ujumbe, kuingia intaneti. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikakubali kwamba dereva aliyerekodi video ya ajali akiwa kwenye usukani hakuvunja sheria hiyo, kwa kuwa kurekodi si kuwasiliana.

Pengo hilo lilizibwa Machi 25, 2022, na kwa maoni yangu lilichelewa mno. Sasa kushika simu kwa matumizi yoyote ni kosa: kupiga picha, kubadilisha wimbo, kucheza gemu, hata kuwasha kioo uangalie saa. Ukisimama kwenye taa nyekundu au kukwama kwenye foleni, bado unahesabiwa kuwa unaendesha. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Faini ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Kwa dereva ambaye hajatimiza miaka 2 tangu afaulu mtihani, pointi hizo zinatosha kumfutia leseni, aanze upya mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Unaruhusiwa kupiga 999 au 112 kwa dharura ikiwa si salama kusimama, na kulipia kwa simu dirishani mwa mgahawa gari likiwa limetulia. Simu ya ramani iwe kwenye kishikio, isizibe kioo cha mbele.

Kuongea bila kushika simu bado kunaruhusiwa, ingawa akili huhama vilevile. Hata hivyo, polisi wakiona umepoteza umakini wanaweza kukushtaki.