Kuku Mgeni: Kamba Mguuni Haitoshi

Vikundi vingi siku hizi vina mzunguko wa kuku. Badala ya pesa, mwanachama hupewa mitetea wawili au jogoo wa kuboresha mbegu, naye baadaye hutoa vifaranga kwa mwenzake. Ni mpango mzuri. Lakini mara nyingine kuku mgeni akifika, wiki chache tu boma linabaki na manyoya, na mzunguko unafia hapo hapo.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ina kazi yake, kwani kuku asiyejua boma hupotelea kwa jirani. Lakini tazameni anapofungwa: ni uani, katikati ya wenzake, kando ya bakuli moja la maji. Wenyeji wanamdonoa naye hawezi kukimbia, na kama amekuja na ugonjwa, anawagawia wote.

Tunaloomba ni hili: mgeni akae peke yake siku 14. Si lazima kujenga nyumba. Tenga kubwa au jiko la zamani latosha, mradi liwe mbali na kuku wengine na lisivuje. Kwa nini 14? Ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri, waweza kujificha ndani ya kuku hadi wiki mbili, ingawa mara nyingi hujitokeza siku ya tano au ya sita. Kuku aliyechangamka sokoni Jumamosi, Ijumaa anasinzia, anahara kijani, anahema kwa shida au shingo imepinda. Ni virusi, hauna dawa. Pilipili na majivu wacheni tuseme wazi: haviponyi.

Na yule wa mnada wa mavuno kanisani? Yeye pia. Sadaka ni takatifu, lakini ugonjwa hauulizi kuku katoka wapi. Tena jihadharini na kuku wa bei ya kutupa, hasa karibu na Krismasi. Mwenye kuku akiona wameanza kufa, hukimbiza waliobaki sokoni.

Akifika amekaa kutwa kapuni, kwa hivyo mpeni maji kwanza, chakula baadaye. Mwulizeni aliyemuuza alikuwa akila nini, msimbadilishie ghafla. Mchunguzeni chini ya mbawa kama ana utitiri, na usoni kama ana viroboto. Hao wa usoni hufa mkiwapaka mafuta mazito ya kujipaka, ila yasiingie machoni. Halafu hapa ile desturi yetu ya kumpakulia mgeni kwanza tuiweke kando: lisheni wenyeji kwanza, mgeni awe wa mwisho, kisha mnawe mikono. Watoto nao waambiwe.

Chanjo itangulie. Ni tone moja la jicho, lakini kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa, kwa hivyo kuku wa boma wachanjwe kabla mgeni hajaja. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Hapo ndipo kikundi kina faida. Chagueni siku moja, mzunguke nyumba zote, na mwulize ofisi ya mifugo irudiwe lini.

Siku 14 zikiisha naye ni mzima, msimwachilie mchana. Mwekeni kwenye kijiti cha kulalia usiku, wenzake wakiwa wamelala, waamke pamoja. Watamdonoa siku mbili tatu, ni kawaida yao kupangana nani mkubwa. Wekeni vyakula mahali pawili ili asifukuzwe akashinda njaa. Akitokwa damu mtoeni mara moja, maana wengine watazidi kudonoa pale pale. Lakini jogoo wawili wakubwa hawatapatana. Yule wa zamani auzwe au aliwe kabla mpya hajatolewa.

Akifa ndani ya siku hizo 14, msimle wala kumtupia mbwa. Zikeni kwa kina au choma, na mwenyekiti aarifiwe siku hiyo hiyo, ili kuku wengine waliotoka sokoni siku ile wasiendelee kugawanywa.