Maskani ya Viumbe vya Majini: Somo la Mto Athi

Aghalabu mtu akiulizwa samaki fulani hukaa wapi, hutaja jina la bahari, la ziwa au la mto, kisha akadhani amemaliza. Ilhali jina hilo ni mwanzo tu wa jawabu, kwa maana kila kiumbe cha majini kimewekewa mipaka na chumvi, na joto, na tarikhi ya ardhi yenyewe. Sisi wa Machakos, ingawa tu mbali na pwani, tumejaaliwa mto uwezao kutufunza ilimu hiyo, nao ni Athi.

Mpaka wa kwanza ni chumvi. Samaki wa maji matamu ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka, basi maji humwingia daima, naye hana budi kuyatoa kwa mkojo mwingi. Bali walio wengi wa baharini hupatwa na kinyume chake, maji yakawatoka, ikawapasa kuinywa bahari na kuitoa chumvi yake kwa matamvua.

Mpaka wa pili ni ardhi. Perege wa asili wa Athi na Tana, ambaye wataalamu humwita Oreochromis spilurus, si yule ngege wa asili wa Ziwa Viktoria, Oreochromis esculentus, kwa sababu mito yetu humiminikia Bahari ya Hindi, na maji ya ziwa lile hufuata Nile mpaka Mediterania. Na kati ya pande hizo mbili, katika Bonde la Ufa, yuko perege mdogo wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, astahimiliye maji makali ya magadi yenye joto lipitalo nyuzi 40, na ambaye hutoa taka za mwili wake kwa namna ya urea, ilhali samaki walio wengi hutoa amonia.

Lakini yuko avukaye mipaka hiyo, naye ni mkunga wa maji matamu, kama Anguilla mossambica. Huyu huzaliwa katika bahari kuu, na wataalamu huamini kuwa mazalio yake yako mashariki ya Madagaska. Akiwa mchanga huwa bapa na mwangavu mfano wa jani, akachukuliwa na mikondo hata pwani, akaingia mlango wa Sabaki kaskazini ya Malindi, akapanda Galana kuelekea Athi, na penye maporomoko akajikokota juu ya miamba iliyolowa. Hukaa mtoni miaka mingi, kisha mvua zikijaza mto huteremka kurudi baharini, akazaa mara moja tu, akafa. Vivyo hivyo mkunga wa Ulaya hukulia mitoni kwao, na mazalio yake, kama alivyobainisha Johannes Schmidt wa Denmark mwanzoni mwa karne ya 20, ni Bahari ya Sargasso.

Basi maskani ya kiumbe wa namna hii ni njia nzima, na ikikatwa mahali pamoja imekatika yote. Kwa hiyo ajengaye bwawa katika Athi, mathalani lile la Thwake lililoanza kujengwa mwaka 2018, yampasa afikiri samaki watapitia wapi. Na amwagaye taka za kiwanda huku juu, Mavoko au Nairobi, na ajue kwamba anaudhuru uhai ambao asili yake ni bahari kuu. Kuuhifadhi mto huu ni wajibu wetu sote tuishio kandokando yake.